Historia Iliyoandikwa ni Shahidi, si Hakimu

Msafiri anayetoka Mbale kwa barabara iendayo Kumi na Soroti hufika Nakaloke kabla hajahesabu maili nyingi. Nyuma yake miamba ya Wanale imesimama kama ukuta wa boma. Mbele yake nchi imelala tambarare, ikielekea Bukedi na Teso. Ni mahali pa kukutania. Mgisu aliyeshuka mlimani hukutana hapo na Mgwere, Mteso na Muganda, na lugha zao zinapogongana, Kiswahili huwasaidia wote kuelewana.

Mahali pa namna hiyo hapana historia moja tu. Ukiulizwa ukoo wenye asili ya Buganda juu ya chanzo cha mji wa Mbale, jibu litakuwa Semei Kakungulu: ndiye aliyepanda miti, akakata barabara, akajenga mji palipokuwa pori. Ukiulizwa ukoo wa wenyeji wa mlimani au wa tambarare, Kakungulu huyo huyo atatajwa kwa namna nyingine: mtu aliyekuja na bunduki, akachukua ng'ombe, akawaweka watu wake juu ya wenye nchi. Mtu ni mmoja, miaka ni ile ile, ardhi ni ile ile. Basi iaminiwe historia ipi? Na ikiwa mojawapo imeandikwa kitabuni na nyingine haikuandikwa, je, ile iliyoandikwa ndiyo ya kweli?

Swali hili halifai kuachiwa walimu wa vyuo peke yao. Linamhusu askari wa jeshi na askari wa polisi kuliko anavyodhani, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya historia ya Afrika Mashariki iliandikwa na maofisa wa jeshi na wa serikali, katika ripoti za safari, za mapigano na za doria. Pili, ripoti anazoziandika askari leo ndizo zitakazosomwa kesho kama historia.

Hapana budi kuanza na Kakungulu, kwa kuwa kisa chake kimeandikwa na pande nyingi. Alizaliwa Koki, akahamia Buganda, akapanda cheo katika vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19 akiwa upande wa Waprotestanti. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa majemadari waliowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Mfalme Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Baada ya hapo alielekea mashariki, akajenga ngome moja baada ya nyingine, kutoka ziwa Kyoga hadi Budaka, kwa jina la serikali ya Himaya ya Waingereza. Kazi hiyo ilifanywa kwa bunduki zake na kwa wafuasi wake, pasipo gharama kubwa kwa Waingereza.

Hapo ndipo kumbukumbu zinapoachana. Kakungulu na watu wake walishikilia kwamba Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa serikali ya Uingereza, alimwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Serikali ya Himaya haikuikubali kamwe tafsiri hiyo. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, mamlaka yake yakatwaliwa na ofisa wa Kizungu, naye akapewa ardhi karibu na Mbale, ambako alijenga makao mapya pamoja na wafuasi wake. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa huko hadi mwaka 1913. Aliporudi Mbale alikuwa mtu aliyevunjika moyo. Aliliacha kanisa la wamisionari, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ambayo ingali ipo katika vilima vya karibu na Mbale hadi leo. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Ahadi ya ufalme ilitolewa, au haikutolewa? Atakayetegemea barua za serikali peke yake atasema kwamba Kakungulu alijidanganya. Atakayetegemea masimulizi ya wafuasi wake peke yake atasema kwamba alidanganywa. Mtafiti mwenye busara hutazama jambo jingine: ni nani alikuwa na faida katika neno lipi? Serikali, baada ya kuipata nchi, haikuwa na faida yoyote katika kukumbuka ahadi. Wafuasi wa Kakungulu, baada ya kupoteza vyeo, walikuwa na kila sababu ya kuikuza. Inawezekana kabisa kwamba neno lilitamkwa kwa lugha moja, likatafsiriwa kwa lugha nyingine, na kila upande ukaondoka na maana iliyoupendeza.

Tena kuna jambo la mpinzani wake. Kakungulu alishindana kwa miaka mingi na Sir Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Kagwa hakuwa mwanasiasa tu. Alikuwa pia mwandishi wa historia, na kitabu chake juu ya wafalme wa Buganda kilichotoka mwaka 1901 kimekuwa msingi wa vitabu vingi vilivyofuata. Ni kazi kubwa, na bila ya hiyo mengi yangepotea. Lakini msomaji asisahau kwamba aliyeishika kalamu alikuwa mshiriki katika mashindano anayoyasimulia. Katika kesi mahakamani, maelezo ya mlalamikaji hayatupwi. Husikilizwa, kisha hulinganishwa na mengine.

Na wenyeji wa Bukedi na wa mlimani, ambao ng'ombe wao walichukuliwa na mashamba yao yakapitiwa na barabara, waliandika nini? Wakati ule hawakuandika neno. Shule zilikuwa hazijafika. Katika ripoti za kikoloni wanatokea kama makabila yaliyotulizwa, na neno hilo “kutulizwa” lapaswa kumshtua kila askari. Aliyeshika silaha anajua ni mambo gani hutokea kabla ya kijiji kuitwa kimetulia. Neno hilo si uongo, ila limefunika mambo mengi kama blanketi linavyofunika maiti.

Kisa cha pili ni cha kijeshi moja kwa moja. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia Himaya ya Uganda waliasi. Wengi wao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walioandikishwa na Lugard mwaka 1891. Waliamriwa kufuatana na msafara wa Meja Macdonald, wakakataa kuendelea walipokuwa Eldama Ravine, kisha wakarudi magharibi hadi ngome ya Luba katika Busoga, kando ya ziwa, mashariki ya Jinja. Meja Thruston, ofisa aliyejua Kiarabu na aliyewaamini sana, alikwenda kuzungumza nao. Walimkamata. Baada ya mapigano ya tarehe 19 Oktoba 1897, yeye na Wazungu wenzake wawili, Wilson na Scott, walipigwa risasi. Ngome ilizingirwa mpaka Januari 1898. Waganda wengi walikufa katika mapigano hayo, wakiwa upande wa Waingereza.

Mauaji ya mateka hayana utetezi, na hakuna jeshi lenye nidhamu linaloweza kuyakubali. Lakini kama swali ni kwa nini askari waliasi, ripoti za wakati ule hazitoi jibu moja. Wapo maofisa waliotaja ukosefu wa utii. Wapo waliotaja hila za Kabaka Mwanga, aliyekuwa amekwisha kuasi Julai 1897. Hata hivyo, kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinakiri mengine. Mshahara wa askari hao ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa askari wa himaya jirani ya Afrika Mashariki. Mara nyingi uliwafikia kwa kuchelewa, na tena kwa nguo badala ya fedha. Walikuwa wametoka katika kampeni moja na kuingizwa katika nyingine bila kupumzika, na safari hii walitakiwa kuziacha familia zao nyuma.

Tena waliambiwa nini juu ya safari yenyewe? Kwa maandishi yaliyotolewa hadharani, msafara wa Macdonald ulikuwa unakwenda kuchunguza chanzo cha mto Juba, ule unaoingia Bahari ya Hindi kupitia nchi ya Wasomali. Maagizo ya siri yalikuwa mengine: kuwahi sehemu za juu za Naili kabla ya Wafaransa, ambao walikuwa wakielekea Fashoda. Hapa basi pana hati rasmi, iliyopigwa muhuri, iliyoandikwa kwa makusudi ya kuficha ukweli. Mtu aliyeisoma hati hiyo mwaka 1897 na kuiamini alikuwa ameiamini serikali, wala hakuwa mjinga. Lakini alikuwa amepotoshwa.

Je, uongo huo ulijulikanaje? Ulijulikana kwa karatasi nyingine. Maagizo ya siri nayo yalikuwa yameandikwa, yakahifadhiwa, na baada ya muda yakafunguliwa. Kwa hiyo anayesema kwamba maandishi yote ni uongo amekosea sawasawa na yule asemaye kwamba yote ni kweli. Kalamu iliyoficha ndiyo hiyo hiyo iliyofichua. Kilichokosekana hadi leo ni sauti ya askari wenyewe. Mabruk Effendi na wenzake walioongoza uasi wanajulikana karibu kabisa kwa maandishi ya waliopigana nao.

Kisa cha tatu kiko Jinja, penye mto. Kwa miaka mingi watoto wa shule walifundishwa kwamba Mwingereza John Hanning Speke aligundua chanzo cha Naili tarehe 28 Julai 1862. Tarehe hiyo haina ubishi. Ameiandika mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Lakini askari mpelelezi akikisoma kitabu hicho hicho kwa makini ataona jambo. Speke anasimulia kwamba pale kwenye maporomoko aliwakuta wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wakiwa juu ya miamba na ndani ya mitumbwi, na kivuko kikifanya kazi. Alikuwa ameongozwa na watu waliotolewa na Kabaka Mutesa, na katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila ya ulimi wake wa Kiswahili safari hiyo isingalisonga mbele.

Maana yake ni kwamba shahidi mwenyewe, katika maelezo yake mwenyewe, amelikanusha neno “aligundua” kama linavyotumiwa na waliomsifu. Alichofanya Speke ni kuunganisha maji yale na ramani ya Ulaya, na hata hilo halikukubaliwa mara moja. Burton, aliyekuwa mwenzake wa safari, alilipinga, na ilibidi Stanley alizunguke ziwa mwaka 1875 ndipo hoja ikapata nguvu. Maporomoko hayo Speke aliyapa jina la Ripon, jina la bwana mmoja wa Uingereza, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao, nalo ndilo lililoupa mji jina la Jinja, yaani jiwe. Leo maporomoko hayaonekani tena. Bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 liliyazamisha. Mnara wa ukumbusho wa Speke ungali umesimama ng'ambo ya magharibi, lakini miamba ya wavuvi iko chini ya maji. Hivyo ndivyo inavyotokea pia katika vitabu: kilichojengewa mnara hudumu, na kilichokuwa cha kila siku huzama.

Kutokana na visa hivi wako watu wanaokata shauri haraka. Husema: basi tuyatupe maandishi ya wageni, tuwasikilize wazee tu. Shauri hilo nalo lina hatari yake. Masimulizi ya mdomo ni hazina, lakini nayo hubadilika kwa haja za msimuliaji. Orodha ya wafalme wa Buganda ni mfano. Speke aliandika majina machache aliyotajiwa. Stanley, miaka kama kumi na mitatu baadaye, alipewa orodha ndefu mara nyingi zaidi. Wanahistoria wangali wanabishana kama orodha ilirefuka kwa kuwa Stanley aliuliza vizuri zaidi, ama kwa kuwa baraza lilikwisha tambua kwamba wageni huheshimu ufalme wenye mizizi mirefu. Mzee naye ni shahidi, naye ana upande wake.

Wakati mwingine karatasi ndiyo inayomwokoa mnyonge. Idi Amin, aliyetawala Uganda kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, alipenda kusimulia kwamba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alikuwa rais, na neno la rais lilipita redioni na magazetini kama historia. Lakini kumbukumbu za jeshi la King's African Rifles zinaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Waliokwenda Burma kweli walikuwa wengine: vijana wa batalioni ya nne, ambayo makao yake yalikuwa Jinja, waliopigana mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika mvua na malaria ya bonde la Kabaw. Mtu akijitwalia sifa ya vita ambavyo hakupigana, anawaibia waliopigana, wakiwamo waliokufa wasiweze kudai haki yao. Daftari la uandikishaji, kitu kikavu kisicho na sifa wala wimbo, liliirudisha heshima kwa wenyewe.

Tena isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kale yasiyomgusa mtu. Uhuru ulipokaribia, wilaya mbili za Bugisu na Bukedi kila moja iliudai mji wa Mbale. Kila upande ulitoa historia yake: nani alikuwa hapo kwanza, mpaka uliwekwa wapi, Kakungulu aliupewa mji na nani, na aliyempa alikuwa na haki gani ya kutoa. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba Katiba ya Uhuru ya mwaka 1962 iliitaja Mbale kuwa eneo la peke yake, lisilokuwa sehemu ya wilaya ile wala hii. Watu wa mahali kama Nakaloke, wanaoishi penye mchanganyiko, ndio wanaojua uzito wa jambo hili. Mpaka uliochorwa ofisini na ofisa asiyeijua nchi huweza, baada ya miaka sitini, kuwagombanisha majirani wanaochota maji katika kisima kimoja. Na wanapogombana, anayeitwa kuwaamua ni askari.

Basi historia iliyoandikwa iaminiwe kwa kiasi gani? Jibu liko katika kazi ya kila siku ya kituo cha polisi. Askari mpelelezi haandiki katika jalada kwamba shahidi ni mwongo kwa kuwa ni jamaa wa mshitakiwa, wala hamwamini kwa kuwa amevaa tai. Humwuliza: ulikuwa umesimama wapi? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Ulilisema jambo hili siku ile ile, au baada ya mwaka? Unapata nini likiaminiwa? Kisha hutafuta shahidi wa upande wa pili, na hasa yule ambaye hakuna aliyemwuliza. Mwisho huviangalia vitu visivyosema: nyayo, risasi, damu, kufuli iliyovunjwa. Mwanahistoria hana njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Nyayo zake ni ngome za zamani, makaburi, majina ya vijiji, na daftari za mishahara.

Mambo ambayo pande zenye uadui zimekubaliana, hayo yanaweza kuaminiwa kwa nguvu. Waingereza na wafuasi wa Kakungulu walibishana juu ya ahadi, lakini wote walikubali kwamba nchi ilishikwa kwa bunduki zake na kwamba aliondolewa. Mambo ambayo mtu ameyakiri dhidi ya faida yake mwenyewe, hayo nayo yana uzito, kama serikali ilipokiri kwamba askari wake walipunjwa mshahara. Lakini jambo linalosemwa na upande mmoja tu, kwa faida ya upande huo, na lisilo na alama yoyote nje ya maneno, hilo liwekwe kando mpaka lipate mwenzake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ingawa katika historia njia hiyo yaweza kuchukua miaka mia moja kabla ya kufika mwisho.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wajibu. Koplo aliye zamu ya usiku katika kituo kidogo huandika katika kitabu cha matukio: saa, jina, mahali, lililotokea. Sajini arudiye kutoka doria huandika idadi ya risasi zilizotumika na majina ya waliojeruhiwa. Kazi hii huonekana ndogo, na mwandishi akiwa amechoka hushawishika kuandika kwamba “hali ilikuwa shwari” ili aende kulala. Lakini maneno mengi kama hayo, yaliyoandikwa na maofisa waliochoka katika ngome za Budaka na za Busoga zaidi ya karne moja iliyopita, ndiyo yanayowasumbua wajukuu leo. Kijiji kilichochomwa kikaandikwa kuwa kimetulia hakina tena njia ya kudai. Raia aliyepigwa akaandikwa kuwa alianguka amepigwa mara mbili.

Vilevile askari aliyetenda haki hana mlinzi mwingine ila ukurasa ule. Siku atakaposingiziwa, hatatetewa na sifa wala na wimbo wa kikosi. Atatetewa na mstari mmoja ulioandikwa saa ile ile, kwa mkono wake, bila kupunguza wala kuongeza. Kwa hiyo anayeuliza kama historia ni ya kweli, na aanze kwa kulifungua daftari lake la jana usiku, asome alichoandika humo.